Mashine Iliyozimia Jioni kwa Mama

Kazi yangu ni kutafuta kinachoiua kompyuta. Sisemi ile iliyo nzito kufunguka. Nasema ile inayoanguka mzimamzima, kiini cha mfumo kikashindwa, skrini ikajaa maandishi ambayo mtu mwenye akili zake hayasomi. Mimi huyasoma, tena nikiwa mbali, maana kompyuta inayoanguka huwa mahali pengine nami naichungulia kwa intaneti.

Nilipoanza, mashine ya kuangushia, yaani kompyuta ya majaribio, niliiweka kwa mama, Jomvu Kuu. Mimi nilipanga chumba Port Reitz, na umeme wa kwetu ulikuwa na kiherehere chake. Kampuni moja ya ng'ambo ilinipa mtihani: kuna hitilafu inaangusha kompyuta zao, nikiipata, kazi ni yangu na nitaifanya papa hapa Mombasa. Nisipoipata, niende Nairobi, nikafanye kazi ya ofisini niliyokwisha kuahidiwa. Mama alilijua hilo. Tangu baba afariki alikuwa peke yake katika nyumba ile, na ukimtajia bara tu, chakula hakimshuki.

Basi akawa mikono yangu. Mashine ikianguka, ananipigia: mgonjwa wako kazimia. Namwambia abonyeze kitufe, anapiga bismillahi, anabonyeza, na simu hakati. Ataniuliza nimekula nini, ataniambia nani kaposwa na nani kagombana na mkwewe. Mama keshatangulia mbele ya haki, na wallahi simu zile nazitamani mpaka leo. Wakati ule nilikuwa nazijibu huku nikiandika.

Lakini kazi haikwenda. Hitilafu ya kweli huangusha mashine mahali pale pale, na kosa lenye kwao hupatikana. Hii ya kwa mama, ikifika jioni, ilianguka ovyo: leo inasingizia diski, kesho memori, keshokutwa mahali pasipo na kosa lolote. Nikawa sijui ushahidi upi wa kweli na upi wa uongo. Niliwatukana walioandika mfumo ule, wazima na wafu. Nikapekua kila shughuli inayojiendesha jioni ndani ya kompyuta, nisipate kitu. Mwisho nikaanza kukunja nguo za safari.

Ndipo nikaenda kumuaga mapema. Adhana ya magharibi ilipokaribia, mama akainuka akafunga madirisha yote, kama alivyofanya kila siku tangu tuko wadogo, kwa sababu saa hiyo mashetani wanapita na nyumba haiachwi wazi. Akazima feni apate utulivu wa kusali. Kisha, kwa mapenzi tu, akamfunika mgonjwa wangu kwa kitambaa cha kufuma, gubigubi. Na joto la Mombasa nalo si la kusimuliwa. Nikaigusa ile mashine, nikautoa mkono upesi. Nilicheka mpaka machozi, nikaona haya, maana mama alikuwa juu ya mswala. Na mimi niliyezaliwa nyumba ile sikuliwaza hilo hata mara moja!

Alipomaliza kusali nilimweleza kwamba kompyuta ikizidiwa na joto huchanganyikiwa, ikasema uongo. Nikamwambia basi, nitaihamisha, hata kama itanichelewesha. Mama alikiondoa kitambaa, akakikunja, akauliza kama nitakula.

Kesho yake magharibi nilikaa Port Reitz nikiitazama. Haikuanguka. Siku iliyofuata pia haikuanguka. Makosa ya uongo yakakoma, likabaki lile moja la kweli, nami nikalikamata kabla sijapata hata pa kuihamishia mashine.

Jibu la kampuni lilipokuja, nilimpigia mama jioni ile ile kumwambia siendi popote. Alisema alhamdulillahi. Nyuma ya sauti yake nikasikia watoto wakiitana njiani na pikipiki ikipita, karibu kabisa, na ilikuwa saa ya magharibi. Nikamuuliza kama dirisha liko wazi.

Akasema liko wazi, tangu siku niliyoondoka. Akishasali huvuta kiti akakaa papo hapo dirishani, kati ya mashine na giza, akivuta uradi kwa tasbihi mpaka isha.

"Na mashetani je, mama?"

"Nawaogopa," akasema. "Lakini nilikuwa naogopa zaidi wewe uende bara."