Joho Zima

Dovilė alikuwa na mdomo. Tuanze hapo hapo, maana wapo wanaosema binti wa watu alionewa, nami sikatai kwamba alionewa, lakini mdomo alikuwa nao. Siku aliyofika hapa kwetu Coimbra, Ureno, kutoka kwao Lithuania, kabla hata hajatua sanduku, alipitisha kidole kwenye ukuta wa ngazi, akakitazama, akauliza kama weusi ule ni rangi au ni kuvu.

"Ni kuvu," akasema Benedita, mwanafunzi wa uhandisi, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi akivuta sigara. "Imekutangulia kufika, kwa hiyo iamkie."

"Mnaishi hivi hivi?"

"Hivi hivi. Wewe umetumwa na nani, bibi afya?"

Jina likamganda. Kufikia jioni nyumba nzima ilikuwa ikimwita Bibi Afya, na yeye, badala ya kucheka likapita, akanuna, jambo ambalo ndilo hulipa jina la utani miguu.

Wanafunzi wetu hukaa katika nyumba wanazoziita jamhuri: watu wanane au tisa, meza moja, mpishi mmoja. Jamhuri ya Bundi iko juu kabisa kileleni mwa mji, sakafu zake zinalia, na baridi ya nje ni afadhali kuliko ya ndani. Mpishi wao ni Dona Otília, ambaye amewalisha mahakimu na madaktari wa nchi hii tangu walipokuwa hawajui kufua soksi zao. Juma lake la kwanza, Dovilė alimfundisha Dona Otília namna ya kuosha sufuria. Nimeshasema alikuwa na mdomo.

Lakini hata mtu mkali ana lake moyoni. Juma hilo hilo alikwenda dukani akanunua joho jeusi la wanafunzi, akajivika mbele ya kioo, akampelekea mama yake picha. Kisha akayaona majoho ya wenzake. Yalikuwa yananuka moshi na mvinyo, na pindo zake zimeraruka huku na huku.

"Dona Otília, mbona hawa wanavaa matambara?"

"Tambara ni hilo lako," akajibu mpishi bila kugeuka. "Joho halifuliwi, mwanangu. Ukilifua umefua miaka yako. Na kila mpasuko una mwenyewe. Kushoto wanapasua wa nyumbani, mama, baba. Kulia marafiki. Katikati, mgongoni, mpenzi. Kwa mkono au kwa meno. Mkasi mwiko."

"Na mtu akilipasua lake mwenyewe?"

"Huyo ni kichaa, au hana mtu."

Dovilė alikwenda chumbani akalitazama la kwake, jipya, linang'aa, halina mtu. Tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu. Mwezi wa Mei, siku ya maandamano ya kufunga mwaka, mtu mmoja wa nyumba ile ashike pindo la joho lake upande wa kulia alirarue. Hata mmoja angetosha.

Basi si angenyamaza kidogo, ajikombe kidogo, acheke panapochekwa? Thubutu. Wakati wa kula aliwahesabia wenzake panya wa nyumba ile, akabandika jikoni tangazo la namna ya kukunja taulo. Alipopata nafasi alisafiri, peke yake, na mkate wa jibini mfukoni: Porto, Sevilla, mpaka Marseille. Aliporudi aliwasimulia, bila kuulizwa, jinsi vyoo vya stesheni za wenzetu vinavyong'aa.

"Na watu je?" akamuuliza Gaspar siku moja. "Uliongea na nani huko?"

"Na mwenye hoteli."

"Akasemaje?"

"Nitoke kabla ya saa nne."

Meza nzima ikaangua kicheko. Dovilė naye alicheka, ila alichelewa, akajikuta anacheka peke yake.

Huyu Gaspar alikuwa mwanafunzi wa sheria, mwaka wa sita katika masomo ya miaka minne, mvivu, mcheshi, kwao milimani kwenye mbuzi. Oktoba hiyo alifiwa na mama yake. Nyumba yote ilipanda basi kwenda kuzika, Dona Otília akiwa mbele na shungi lake jeusi. Dovilė hakwenda. Alikuwa na safari yake ya Sevilla, na alisema, tena kwa sauti, kwamba marehemu hakumjua.

Februari Wabundi wakapanga kwenda Salamanca, na kiti kimoja kikabaki. "Twendeni na Bibi Afya," Gaspar akasema, "akaikague Hispania." Ilikuwa mara yake ya kwanza kualikwa mahali, na siku nzima alijitahidi. Aliona kinyesi cha njiwa juu ya kichwa cha mtakatifu wa mawe akakipita bila kusema neno. Wakati wa kurudi, kipasha joto cha basi kilikufa milimani. Binti wa theluji akaanza kutetemeka meno, maana kwao baridi hukaa nje na watu ndani, haikai nao kiti kimoja. Gaspar alivua joho lake akamtupia.

Joho lilinuka moshi na mbuzi. Dovilė alijifunika hadi puani. Vidole vyake, ambavyo havijui kukaa bure, vikaukuta mpasuko wa kushoto, umepanda kutoka kwenye pindo hadi juu ya goti, nyuzi zimechambuka zinaning'inia.

"Huu ndio wa mama?"

"Ndio huo. Aliupasua kwa meno, na mapengo yake. Baba anamshangilia utadhani yuko uwanjani." Gaspar akacheka, kisha akatazama dirishani.

"Unazidi kupanda. Utafika shingoni, joho litakuwa vipande viwili."

"Ukifika umefika."

Waliposhuka aliomba abaki nalo hadi kesho. Gaspar, macho yamejaa usingizi, akamwambia achukue, ila asilifue. "Najua," akasema Dovilė kwa fahari. "Halifuliwi."

Na kweli hakulifua. Kesho yake alikaa dirishani na sindano na uzi mweusi, akafanya alivyofundishwa na bibi yake kule Panevėžys. Kwanza alizikata kwa mkasi zile nyuzi zilizochambuka ili kingo zikutane vizuri. Kisha akashona, mshono mwembamba ambao hata jicho la fundi lingeutafuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, na siwezi kumlaumu mtu kwa kuwafuata wahenga. Alishona siku nzima na siku ya pili yake asubuhi, akiimba. Ndani ya nyumba ile hakuna aliyekuwa amewahi kumsikia akiimba.

Wakati wa chakula cha mchana aliliweka joho mezani, limekunjwa, katikati ya mabakuli ya supu. "Nimekutengenezea," akasema. Mashavu yamemwiva kwa furaha.

Gaspar akalikunjua huku akicheka. Akatafuta upande wa kushoto. Akaligeuza, akatafuta tena. Kicheko kikamfutika usoni.

"Mpasuko uko wapi?"

"Si ndiyo kazi yenyewe! Hauonekani, eh?"

Benedita akaweka kijiko chini. "Wewe dada, unajua kwetu hapa mpasuko unashonwa lini?"

"Ukichakaa."

"Ukimwacha mtu! Mpenzi akikutenda, unashona wake, yamekwisha, humjui hakujui. Wa mama haushonwi. Hata mama akiwa mchawi haushonwi!"

Walimwambia joho halifuliwi. Kwamba halishonwi hawakumwambia, maana nani angewaza kwamba atatokea mtu wa kuushona wa mama, tena mama aliye kaburini? Dona Otília alifuta mikono kwenye aproni akaja. "Tulieni," akasema, "uzi ulioingia utatoka." Akalipakata lile joho, akafumua mshono mmoja mmoja, wote wamesimama wanamtazama. Uzi ukatoka. Lakini kingo zilizobaki zilikuwa zimenyooka sawasawa kama kitambaa kilichokatwa dukani, na alama ya meno ya mtu haikuwapo.

"Zile nyuzi ziko wapi?" Gaspar akauliza. "Zilizokuwa zinaning'inia."

"Nilizikata. Zilikuwa chafu."

"Nakuuliza ziko wapi."

"Nilitupa jana. Gari la taka limepita asubuhi."

Hapo ndipo angelia. Watu wa mji huu wana udhaifu kwa mtu anayelia. Angelia tu, Dona Otília angemkumbatia, na pengine habari ingeishia hapo. Lakini nyuso zote zilikuwa zimemkazia macho, na yeye akibanwa ukutani alikuwa na silaha moja.

"Jamani, ni nguo tu!" akafoka. "Mnaishi kwenye kuvu halafu mnalilia nyuzi! Kwani mama yake nimemuua mimi?"

Supu ilikuwa inapoa. Gaspar alilikunja joho lake taratibu. "Hapana," akasema. "Mama alikufa wewe uko Sevilla." Akapanda ngazi, wakasikia mlango wake.

Hawakumfukuza. Wangemfukuza ingekuwa nafuu, angepata watu wa kuwachukia. Walimwekea sahani yake, walimsogezea chumvi kabla hajaiomba ili asipate sababu ya kufungua mdomo. Na waliacha kumwita Bibi Afya. Sasa walimwita Dovilė, kwa adabu, kama karani anavyoita watu kwenye foleni, na hapo akajua mambo yameharibika. Alibisha mlango wa Gaspar akasema, "Nisamehe, nia yangu ilikuwa njema." Sauti ikamjibu kutoka ndani, "Nimekusikia." Mlango haukufunguliwa. Siku nyingine, wenzake wakiwa darasani, alisugua kuvu yote ya ngazini hadi vidole vikachubuka. Benedita alirudi, akautazama ukuta mweupe, akasema, "Asante, Dovilė," akapita.

Mei ikafika. Siku ya maandamano mji ulijaa magari yaliyopambwa maua ya karatasi, na watu wa Bundi wakakusanyika kwenye ngazi za kanisa kuu la zamani, wakishikana mapindo na kuraruana majoho, wengine wakicheka, wengine kamasi zinawatoka kwa kilio. Dovilė alisimama ngazi mbili chini yao. Pindo la kulia alikuwa amelivuta mbele kidogo, kama mtu aliyesahau tu namna alivyovaa. Benedita alishuka, akampita. Wengine wakashuka, wakampita.

Wa mwisho alikuwa Gaspar, ambaye mwaka huo hatimaye alikuwa amemaliza. Akasimama. Akalishika lile pindo kwa vidole viwili.

"Pasua," Dovilė akasema, kwa sauti ndogo ambayo nyumba ile haikupata kuijua. "Tafadhali, Gaspar. Kidogo tu."

Ningependa kuwaambia kwamba alipasua. Alikipapasa kile kitambaa, akakitazama sana.

"Zuri," akasema. "Zima kabisa. Litunze."

Akaliachia, akashuka kuwafuata wenzake.

Kwao Panevėžys kulikuwa na jua Dovilė alipofika. Mama yake, mwanamke ambaye hata kuni zake huzipanga kwa urefu, alilitandaza joho kitandani akalikagua pindo kwa pindo, akiguna kwa kuridhika.

"Mwaka mzima! Na halina hata tundu!"

"Mama, shika hapa. Hapa kushoto." Dovilė akamkamata mkono. "Lipasue."

"Nini?"

"Kwa mkono, au kwa meno. Mama, nakuomba."

Mama akamwekea kiganja kwenye paji la uso aone kama ana homa. "Nguo nzima hii niichane? Mimi sikukulea hivyo." Akalitundika kabatini, akatia vidonge vya kufukuza nondo, akafunga.

Jioni alikuja jirani kumwona msafiri. Dovilė alikuwa jikoni akimenya viazi, akasikia mlango wa kabati unafunguliwa.

"Hebu tazama," mama yake alikuwa anasema. "Kakaa na watu mwaka mzima, na hakuna hata mmoja aliyemchania."

"Ah, wewe umelea," jirani akasema.