Kipa Aliyeangalia Pembeni

Siku ile ya Muheza naikumbuka kwa harufu ya maganda ya machungwa, mwanangu. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka huohuo. Goti lilikuwa limenistaafisha mpira mapema, nikapewa timu ya mabinti wa pale niifundishe, na kila asubuhi nilipanda basi kutoka kwetu Usagara, daftari kwapani. Leo naitwa kocha wa timu ya taifa ya wanawake, na watu hudhani nilizaliwa najua. Sikujua. Nilikuwa na hofu tu, na hofu yangu ilipenda kuandika.

Niliandika kila kitu: nani kachelewa, nani kapiga pasi fupi, nani kacheka nilipokuwa naongea (hili liliniumiza siku tatu, alinicheka mimi?). Kipa wetu, Mwanahawa, nilimwandika kuliko wote. Alikuwa na mikono mizuri, lakini kila mpira ulipomkaribia, macho yake yalihamia pembeni kabla hajaudaka. Mara mbili ulimponyoka. Nikaandika: hana umakini. Nikaliwaza hilo wiki nzima, nikalipigia mistari miwili, na nilipotakiwa kupeleka majina ya watakaojaribiwa timu ya mkoa, lake sikuliweka.

Kesho yake, nikienda mazoezini, nikapita penye lori linalopakiwa machungwa. Juu yake alikuwa Mwanahawa. Vijana wawili walimrushia machungwa kutoka chini, mfululizo, naye akiyadaka na kuyapanga huku macho yake yako kwenye sakafu ya lori. Halikuanguka hata moja.

Mwenye mzigo alikuwa shangazi yake, Bi Riziki. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe kocha wa daftari?" Vijana wakacheka. "Mtoto kaniambia umemwacha. Kisa?"

"Haangalii mpira, mama."

"Anaangalia nini?"

Wiki nzima ya kuwaza, mwanangu, na swali hilo halikunijia.

"Si umwulize? Huyo hapo, ana mdomo."

Mwanahawa akajibu kutoka juu, mikono haisimami. "Naangalia pa kuliweka chungwa, kocha. Ukingoja ulishike ndipo utafute pa kuliweka, la pili linakupasua pua. Na mpira ni hivyohivyo. Namtafuta wa kumpa."

Wa kumpa! Makipa niliocheza nao walidaka kwanza, ndipo wakainua macho. Huyu alianzisha shambulizi mpira ungali hewani. Mikono iliyoponyokwa mara mbili ningeirekebisha kwa siku chache.

Nikapiga simu mkoani palepale, nimesimama juu ya maganda. Wakaniambia majina yameshafungwa. Nikamweleza Mwanahawa ukweli, kwamba kosa ni langu.

"Ungeniuliza tu, kocha," akasema, kisha akawaambia vijana waendelee kurusha.

Mwaka uliofuata alikwenda, na baadaye akanidakia timu ya taifa. Ila ule mwaka mmoja nilimnyima mimi, na sina pa kuutoa nimrudishie.

Ndiyo maana mchezaji mpya akija kambini, kabla sijamwonyesha mpira namuuliza: kwenu unafanya kazi gani? Mmoja wa Pemba alinieleza anavyosimama juu ya tawi akichuma karafuu. Nikaelewa kwa nini hayumbi akisukumwa.

Mwanangu unayeanza kazi na cheti kipya na kichwa kisichotulia, sikuambii uache kuwaza. Mimi mwenyewe bado nawaza. Ila swali unalojiuliza juu ya mtu, mpelekee yeye kabla hujaliandikia jibu. Uliza kwa kutaka kujua, si kwa kumkamata. Na ukimkosea, nenda ukamwambie wewe, asisikie kwa wengine.

Mola akujaalie macho ya kushangaa na masikio ya subira, akulindie na magoti yako. Na yule utakayemwacha nje kwa kutomuuliza, akujaalie umkute bado anadaka.