Tobias, Mama Mkwe na Biva wa Kalavati

Kama kuna mtu aliyewachukia biva katika jimbo zima la Maryland mwaka ule wa 2006, ni Tobias. Na tusimlaumu haraka. Biva, kwa asiyemjua, ni mnyama wa mtoni mwenye mwili wa panya aliyenenepeana, meno ya rangi ya chungwa na mkia bapa kama mwiko wa ugali. Kazi yake ni kuangusha miti na kuziba maji, basi. Hajui likizo wala Jumapili. Na kati ya vijito vyote vya pembeni mwa Laurel, familia moja ya biva ikaona pa kuziba ni kalavati la barabara ya kwa kina Tobias, lile bomba kubwa la zege linalopitisha kijito chini ya lami.

Mtu atauliza, maji kidogo barabarani yana nini? Yana mama mkwe ndani yake, ndiyo maana.

Mama Dorsila alikuwa ametoka Siaya kuja kumlea mjukuu, ili binti yake Awino amalize masomo ya unesi. Alikuwa mwanamke wa kanuni. Kwa Wajaluo wa rika lake, mama mkwe halali chini ya paa la mume wa binti yake, na yeye hakuona kwa nini kupanda ndege kubadilishe neno hilo. "Amerika ni mahali tu," aliwaambia palepale uwanja wa ndege. "Mkwe ni mkwe." Kwa hiyo mchana alishinda na mtoto, na jioni Tobias alimpeleka Bladensburg kulala kwa Aketch, binti ya dada yake, ambaye hakuwa na mume wa kumtia mtu aibu. Asubuhi Aketch alimrudisha akienda kazini.

Ni ile safari ya jioni iliyommaliza Tobias. Alihudumia wazee zamu ya usiku katika kituo kimoja nyuma ya kilima, karibu na kwake kiasi cha kwenda kwa miguu. Lakini kwenda Bladensburg na kurudi na ile trafiki, Mama Dorsila kiti cha nyuma anaimba kichinichini nyimbo za kanisani, ilikuwa adhabu. Biva walipoanza kuziba kalavati, ikabidi azunguke na njia ya nyuma ya maghala. Akachelewa leo, akachelewa kesho. Bosi akamwita: "Tobias, ukichelewa tena mara moja, usije." Awino alikuwa bado mwanafunzi, na mshahara uliolisha nyumba ile ni huo mmoja tu.

Basi vita vikaanza. Kila akiamka mchana, Tobias alivaa mabuti ya mpira, akachukua reki na jembe, akashuka kijitoni kuzibua. Alitoa matawi, matope, mawe, siku moja hata mguu wa kiti cha mtu. Jioni maji yalipita vizuri. Kesho yake, ukuta umesimama tena, umenyooka kuliko jana.

"Baba, kweli unashindana na panya?" Awino alimuuliza.

"Panya gani! Hawa ni makontrakta!"

Na kilichomchoma zaidi ni Ethan. Huyu alikuwa jirani, Mzungu mstaafu, anayekaa na mkewe kwenye nyumba inayotazama kijito. Alishinda barazani na darubini, biva wote amewapa majina. "Walikuwa hapa kabla yetu, Tobias," alisema kwa upole.

"Na wao wanatakiwa kazini saa ngapi?" Tobias akamjibu, matope mpaka kwenye masikio. Kaunti nayo aliipigia simu mpaka yule dada wa mapokezi akamjua kwa sauti, na hakuja mtu.

Mwezi wa kumi mvua ikanyesha kutwa nzima. Kijito kikapanda barabara, na njia ya maghala nayo ikafungwa. Ama kweli maji yalizidi unga. Mama Dorsila alikuwa nje kwenye ngazi, mkoba mapajani, mwavuli juu, amegoma kabisa kuingia ndani, usiku usije ukamkuta humo.

"Mama, utanyeshewa."

"Kwetu hainyeshi?"

Tobias alitazama saa. Kumwacha mama mkwe mvuani aende kazini, huyo mtu hajazaliwa. Kubaki, kazi hana. Machozi yalimlenga, nawaambia ukweli. Ndipo mke wa Ethan akaja na koti la mvua: chumba cha binti yao kilikuwa kitupu, mama aje alale.

Mama Dorsila alimwangalia juu mpaka chini. "Huyu ana ukwe na nani?"

"Hana ukwe na mtu, Mama," Awino akasema.

"Basi twende. Lakini maji yakiisha narudi kwa Aketch. Sitaki kuzoea vya watu."

Maji hayakuisha, maana biva walichapa kazi. Tobias akawa anafika kazini mapema mpaka bosi akamuuliza kama nyumbani kuna amani. Jioni alisikia Mama Dorsila akicheka barazani kwa Ethan, kajifunika blanketi.

Halafu kaunti, baada ya simu zote zile, ikaamua kuja. Walileta mashine asubuhi, wakazibua kalavati, wakatupa matawi ukingoni, wakaenda zao. Saa nane lami ilikuwa kavu.

"Mama amefunga mkoba," Awino alisema. "Anasema jioni umpeleke."

Tobias alikaa kitako. Mama mkwe hashawishiwi mahali pa kulala. Hata kufungua mdomo ni utovu wa adabu. Biva wangeziba tena, sawa, lakini wao nao ni watu wa zamu ya usiku, na yeye aliyahitaji maji kabla ya saa kumi na moja. Waliosema usitukane wakunga na uzazi ungalipo walimjua Tobias.

Akavaa mabuti. Akaburuta matawi yaleyale, akaanza kuyasukumiza ndani ya kalavati, huku akimlaani biva, na kaunti, na aliyebuni magari. Matawi yakapita upande wa pili kama yanamcheka. Akaleta mengine. Nayo yakapita.

"Tobias!"

Aliganda. Mama Dorsila alikuwa amesimama barazani kwa Ethan, darubini shingoni, mkoba mkononi.

"Tia matope, mwanangu!" akapaza sauti. "Mawe kwanza, halafu matope! Miti mitupu haizuii maji!"

Kisha akageuka, akaingia ndani na mkoba wake.