Row moja moja ilivyomshusha ng'ombe wa Mama Abdia kwenye lori, Isiolo

Wakuu, salaam aleikum, na habari kwa wengine. Hii sijaitia chumvi, soko zima la mifugo liliona.

Mimi ndiye fundi wa system ya alama za mifugo pale sokoni. Kila ng'ombe ana picha yake, na kila picha ina row yake, yaani safu yake ya taarifa, kwenye server.

Juzi jirani yangu wa Bulla Pesa, Mama Abdia, alimwona ng'ombe wake aliyeibwa yuko ndani ya lori la Nairobi. Injini inanguruma tayari. Ng'ombe huyo ndiye maziwa ya wajukuu wake, hana mwingine.

Mnunuzi aliyempakia hakuwa mtu mbaya. "Mama, nionyeshe picha nitamshusha. Bila picha mimi naenda."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Huku kwetu chapa ya moto ni ya ukoo mzima. Kinachotofautisha boma na boma ni mkato wa sikio, na huo haujaandikwa popote, uko kwenye picha tu. Aliyemsajili ni shemeji yake, na mama hajui alitumia jina la nani.

Nikaomba picha zote za ukoo. Laptop ikaganda. Nikaiwasha upya, ikaganda tena.

Kumbe program yangu ilikuwa inasubiri picha zote zijae kwenye RAM, kumbukumbu ya laptop, ndiyo inionyeshe ya kwanza! Jamani, nani anapitisha kundi zima kwa mpigo kwenye uchochoro wa kuchanjia? Wanapita mmoja mmoja.

Nikabadilisha mstari mmoja wa code: leta row moja, onyesha, achilia, leta nyingine.

Picha ya kwanza ikatokea hapo hapo.

"Si hiyo. Si hiyo. Pitisha." Halafu mama akaruka: "Wallahi, simama hapo! Hiyo sikio ni mimi nilikata!"

Nikaiuliza server jina la mwenyewe, ikagoma. Connection ile, njia yangu ya kufika kwenye server, haipokei swali jipya kabla row zilizobaki hazijaisha. Nikafungua ya pili, jina likaja: la marehemu mumewe.

Mnunuzi akatazama picha, akatazama sikio, akamwambia dereva azime. Wakuu, nilijisikia mbabe, sifichi!

Nilichojifunza: data ikiwa kubwa, usingoje yote ifike ndiyo uanze kutazama. Ila maliza kusoma, au fungua connection nyingine, kabla ya kuuliza tena.

Nyinyi wenye laptop za kuchoka mnafanyaje? Nikosoeni bila huruma. Mimi nasoma comments huku nakunywa chai, na maziwa yake mnajua yametoka wapi.