Tofauti Arobaini na Moja

Shuleni walimwita Ukurasa, na mwenyewe aliitika. Alikuwa mwalimu wa fasihi, na kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyetoa hoja mbele yake asiulizwe, "Ukurasa wa ngapi?" Mwanafunzi akisema mhusika fulani ni mchoyo, ukurasa wa ngapi? Mwalimu wa jiografia akiingia chumba cha walimu na kusema mvua inakuja, wenzake walimuwahi, "Ukurasa wa ngapi?" wakaangua kicheko, na Ukurasa akacheka nao. Hakuwa mtu mbaya. Hilo walilisema hata waliokuja kumchukia.

Katika vitabu vyote alivyofundisha, kimoja alikishika kama roho yake. Kilikuwa riwaya ya zamani, ambayo watu walikuwa wakiifanyia mitihani tangu babu zao. Fundi cherehani mmoja, mjane, ana binti wa pekee. Binti anaolewa na mtu ambaye baba hamtaki, naye baba anamfukuza. Kila mwaka fundi anamshonea binti gauni kwa kipimo cha kukisia, analitundika kabatini. Miaka kumi na miwili inapita. Siku moja binti anarudi, anagonga mlango. Fundi anasimamisha cherehani, anazuia pumzi. Binti anagonga mara tatu, halafu nyayo zake zinasikika zikienda. Cherehani inaanza tena, na kitabu kinaishia hapo.

Nakala ya Ukurasa ilikuwa imeshikwa kwa gundi na uzi, na pembeni mwa kila ukurasa palijaa maandishi ya penseli, ya bluu kwa maudhui na nyekundu kwa mtindo.

Yeye na mkewe, muuguzi wa wodi ya wazazi, walijaliwa mtoto mmoja tu wa kike. Walimwita Kasuku, kwa sababu alikuwa akisomewa kitu mara mbili anakirudisha neno kwa neno. Wageni wakija, Ukurasa alimsimamisha katikati ya sebule naye akamwaga aya nzima za ile riwaya, mikono nyuma, macho darini. Alikuwa na miaka tisa. Aya za mwisho tu ndizo alizokataa kuzishika. Siku aliposomewa sura ile alilia mpaka akapata homa, na kwa siku tatu alimwandama baba yake kutoka jikoni hadi bafuni.

"Kwa nini hafungui, baba?"

"Angefungua kisingekuwa kitabu, mama. Kingekuwa hadithi ya kubembelezea watoto."

"Mimi si mtoto?"

"Wewe ni msomaji," alijibu, na aliamini kwamba amempa mwanawe sifa kubwa kuliko zote.

Kasuku alikua, akaenda chuo kikuu kusomea fasihi kama baba alivyopanga. Mwaka wa pili akarudi nyumbani na begi moja na kusema ameacha. Alikuwa amepata kazi kwa watu wanaotengeneza filamu, kazi ya kuandika. Ukurasa hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati upande wa kushoto, akaivaa.

"Nenda," alisema. "Ila usinirudie na mapicha yako."

Hakumfukuza, hilo aliwaambia watu mara nyingi. Kasuku alikuja sikukuu zote, alikula mezani, alilala katika chumba chake. Baba alimuuliza habari za safari, za afya, za joto la huko anakoishi. Habari za kazi hakumuuliza hata siku moja, kwa miaka saba.

Kwa hiyo habari aliipata kwa mkutubi wa shule, aliyeingia darasani na gazeti mkononi. Riwaya ya fundi cherehani imetengenezwa filamu! Ukurasa alisoma akiwa amesimama, na katika mstari wa tano akakuta jina la mwandishi wa filamu hiyo. Lilikuwa jina la mwanawe.

"Ulijua?" alimuuliza mkewe jioni ile.

"Nilijua. Mwaka sasa."

"Na hukuniambia?"

"Uliniuliza lini habari za mwanao?"

Wiki mbili baadaye ikaja bahasha yenye kadi mbili za mwaliko. Filamu ingeonyeshwa Jumamosi mchana katika ukumbi mkubwa wa sinema, kisha watu wangeulizwa maoni. Mama alimwona mumewe akipiga pasi suruali yake ya mahafali, akamshukuru Mungu moyoni. Hakujua kwamba ndani ya koti mlikuwa na ile nakala ya gundi na uzi, daftari jipya, na kalamu yenye kitaa kidogo kwenye ncha.

Taa za ukumbi zilipozimwa, kitaa cha kalamu ya Ukurasa kikawaka. Watu wa safu ya nyuma walilalamika, akakifunika kwa kiganja, akaendelea. Alitazama juu, akainama, akafunua ukurasa, akaandika. Mkewe alimgusa goti mara moja, mara ya pili, kisha akaacha. Kwenye pazia la sinema fundi alikuwa akishona. Wanawake wawili safu ya mbele walikuwa wakilia kimyakimya. Kalamu ilikuwa ikikwaruza.

Filamu ilipokwisha ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Kasuku alipanda jukwaani pamoja na mwongozaji na mwigizaji aliyecheza fundi. Alikuwa amevaa gauni la kijani na alikuwa akitafuta watu wake kwa macho. Aliwaona. Alitabasamu.

Mwenye kuendesha mazungumzo aliuliza kama kuna mwenye neno. Mzee mmoja wa safu ya saba akasimama na daftari.

"Nina tofauti arobaini na moja," alisema Ukurasa.

Watu walicheka, wakidhani ni utani. Alianza kusoma kwa sauti ile ya darasani. Ya kwanza, kitabuni cherehani ni ya miguu, ukurasa wa nne, hapa ni ya mkono. Ya pili, jirani mwenye kikohozi ameondolewa kabisa. Ya tatu, magauni ni kumi na mawili, hapa yamehesabika tisa. Mpaka ya kumi na tano vicheko vilikuwa vimekwisha. Wengine walianza kuguna, lakini mabwana kadhaa wa vyuo walikuwa wakitikisa vichwa kukubali, naye aliwaona, akapata nguvu.

"Ya thelathini na nane. Kabla ya kufungua mlango, fundi anauliza kwa ndani, 'Umekula?' Neno hilo halimo. Si ukurasa wa mwisho, si ukurasa wowote. Fundi aliyenyamaza miaka kumi na miwili hawezi kuuliza habari za sahani." Alifunua karatasi. "Na ya arobaini na moja. Mlango unafunguka. Mlango haufunguki! Mtu aliyeandika haya hakukisoma kitabu."

Kasuku alikuwa na kipaza sauti. Alikisogeza karibu.

"Nimekisoma, baba. Wewe ndiye uliyenisomea."

Sasa watu walielewa. Wengine waligeuka kumtazama vizuri. Mama alikuwa amelishika koti la mumewe kwa nyuma, analivuta chini kwa nguvu zake zote. Hapo Ukurasa angeweza kukaa. Miaka iliyofuata alikuwa akijirudisha palepale, katikati ya safu ya saba, na kila mara akijikalisha. Lakini siku ile macho ya wale mabwana wa vyuo yalikuwa juu yake, na ulimi hauna mfupa.

"Basi nilipoteza wakati wangu," alisema. "Kasuku angalau hurudia alichosikia."

Mtu mmoja asiyejua lolote alicheka. Kasuku alikilaza kipaza sauti mezani polepole, bila kukigonga, akapita nyuma ya pazia.

 Walipofika nyumbani, mama alikaa kwenye kiti cha mlangoni kuvua viatu, akasema.

"Wewe hukuangalia filamu. Ulikuwa unaangalia kitabu."

"Nilikuwa nalinganisha."

"Na mwanao ulimlinganisha na nini?"

Magazeti yaliandika juu ya mzee wa tofauti arobaini na moja. Profesa mmoja mstaafu alimpigia simu kumpongeza, akamwita nguzo. Kwa muda wa wiki mbili hivi Ukurasa alitembea shuleni kifua mbele. Kisha ukaja mtihani wa muhula, na katika wanafunzi arobaini na wawili, thelathini na mmoja waliandika kwamba fundi alifungua mlango. Aliwapa sifuri wote. Mkuu wa shule alimwita ofisini.

"Mwalimu, watoto wameona filamu. Maji yakishamwagika yamemwagika. Wape hata nusu."

"Ukurasa wa ngapi?" aliuliza Ukurasa.

Mkuu hakucheka. Karatasi zilisahihishwa upya na mwalimu mwingine, kijana wa mkataba, na mwisho wa mwaka ule Ukurasa akaandika barua ya kustaafu mapema. Waliomuaga walimpa saa ya ukutani na hotuba fupi.

Kasuku hakuja sikukuu ile, wala iliyofuata. Alizungumza na mama yake kwa simu, naye mama siku za mapumziko alipanda basi kwenda kumwona, akirudi na mifuko na habari ambazo hakuzifungua mbele ya mumewe.

Jumapili moja asubuhi, mwaka wa pili wa kustaafu, filamu ile ilirushwa kwenye televisheni. Mama alikuwa sebuleni akipiga pasi sare zake za kazi. Ukurasa aliingia na kikombe cha chai, akaiona, akataka kurudi chumbani, kisha akakaa. Hakuwa na kitabu wala kalamu. Ilikuwa mara ya kwanza kuitazama.

Alimwona fundi akivua miwani na kuifuta kwa ncha ya shati, upande wa kushoto. Alimwona akimwambia binti yake, bila kupaza sauti, "Nenda. Ila usinirudie na machozi yako." Chai ilipoa mkononi. Alimwona fundi akimsimamisha binti mdogo mbele ya wateja ili ataje majina ya vitambaa, na mtoto amesimama mikono nyuma, macho darini. Katika orodha yake hilo lilikuwa tofauti ya kumi na tisa: tukio la kubuni, lisilo na kazi.

Kisha ukaja mlango. Binti aligonga. Fundi alisimamisha cherehani, akasogea, akaweka paji la uso kwenye ubao. "Umekula?" aliuliza.

Ukurasa hakuwahi kumwomba mtoto wake radhi kwa maneno ya radhi. Alikuwa akimchapa kwa kukosea kusoma, au akimkaripia mbele ya wageni, na baada ya saa moja alikuwa akienda kusimama nje ya chumba chake na kuuliza kupitia mlango uliofungwa, "Umekula?" Kisha alisubiri ajibiwe. Alikuwa amesahau. Au tuseme hakuwahi kujua kwamba kuna mtu anayekumbuka.

Mama alichomoa pasi.

"Ndiyo samahani pekee iliyowahi kusikika nyumba hii," alisema. "Mtoto akaiokota, akaiweka mahali pazuri. Wewe ukaisomea watu kama kosa."

Ukurasa alipiga simu mchana ule. Namba aliinakili kutoka kwenye daftari la mkewe, maana hakuwa nayo. Iliita muda mrefu.

"Baba? Mama mzima?"

"Mzima." Alitafuta maneno, yeye aliyekuwa nayo ya kugawia madarasa manne kwa siku. "Umekula?"

Upande wa pili palikuwa na watu wanaongea, na mtu anapigilia misumari.  Ukurasa alisikia pumzi ya Kasuku ikiingia, ikakaa ndani.

"Niko kazini, baba," alisema. "Msalimie mama."

Hawakugombana tena. Sasa wanazungumza kila baada ya miezi miwili au mitatu, habari za presha, za mafua, za joto la huko. Kasuku ni mpole na simu zake hazizidi dakika nne.

Mwaka jana alitoa filamu nyingine, kutoka riwaya nyingine ya zamani. Bahasha ilipofika ilikuwa na kadi moja, ya mama. Ukurasa alikitafuta kile kitabu madukani, akakisoma chote kwa siku mbili bila kushika penseli. Jumamosi ya maonyesho alikaa barazani tangu saa nane mchana, na mkewe aliporudi alisimama kumpokea mkoba.

"Ikoje?"

"Nzuri."

"Mwisho wameufanyaje?"

Mama aliinama kufungua kamba za viatu, kwanza cha kulia, kisha cha kushoto.

"Kamuulize aliyeiandika," alisema, akaingia ndani.