Maji Yaliyobaki Kwenye Ndoo

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Rujewa, Afisa Mifugo wa Wilaya hakunipa kiti. Alinipa bua kavu la mpunga.

"Tafuna."

Nikatafuna mpaka taya zikauma. Yeye akaendelea kusaini barua zake, kisha akauliza, "Umeshiba?"

"Hapana, mzee."

"Basi umeshajua ng'ombe wa Usangu anakula nini mwezi wa kumi. Nenda kazini."

Ninyi vijana mnaoanza kazi hii mna simu zenye picha za kila kitu, lakini nawashauri mtafune bua. Ndani yake mna selulosi, chakula kizuri kabisa kwa ng'ombe, ila kimefungwa na lignini, ule ugumu unaolifanya jani liwe kama kijiti. Vijidudu vya tumbo kubwa la ng'ombe ndivyo vinavyomeng'enya selulosi, na lignini huvizuia kuifikia. Kazi yetu ilikuwa kulegeza hivyo vifungo. Tulikoroga mbolea ya urea kwenye maji, kilo nne kwa mabua makavu ya kilo mia, tukanyunyizia tabaka kwa tabaka shimoni, tukakanyaga na kufunika kwa nailoni bila kuacha tundu. Ndani ya wiki tatu urea hugeuka amonia, hewa kali inayolainisha bua. Ukifunua, macho yanachuruzika machozi. Unayaacha mabua yapumue kwanza, ndipo unalisha.

Boma langu la kwanza lilikuwa la Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia bondeni na familia yake. Alikuwa na maksai wawili wa kulimia majaruba ya mpunga, Dereva na Utingo. Kiangazi kilikuwa kimewakondesha hadi mbavu zinahesabika, na bila wao hapakuwa na kilimo. Mkewe, Mama Kulwa, ndiye aliyekoroga.

"Hii nyeupe ni nini, Bwana Mifugo?"

Nami, kwa kutaka kueleweka haraka, nikamjibu, "Mama, ni kama chumvi tu, ila hii ni ya mabua."

Tulifunika shimo, nikala ugali wao na maziwa ya mgando, nikapanda pikipiki yangu nikiimba. Ndoo ya kukorogea ilibaki na maji nusu. Sikuitazama hata mara moja.

Katika boma lile chumvi haimwagwi. Maji ya chumvi yakibaki, hupewa maksai kwanza, maana ndio wanaowalisha watu. Mama Kulwa alifanya kama alivyofundishwa na mama yake. Sikuwa nimefika mbali walipoanza kunipigia simu. Niligeuza, nikapita dukani kwa muuza achari nikabeba siki yote aliyokuwa nayo, maana urea ikinywewa hugeuka amonia tumboni papo hapo, na siki huipunguza makali. Nilimkuta Dereva amefura tumbo, anatetemeka, mdomo umejaa povu. Utingo, aliyekunywa kidogo, tulimnywesha siki na maji baridi akasimama. Dereva hakusimama tena.

Niliandika ripoti: mfugaji alikiuka maelekezo. Afisa Mifugo aliisoma mara mbili.

"Ulimwambia kwamba maji yale yanaua?"

"Nilimwambia inafanana na chumvi."

"Ng'ombe huyo umemuua wewe, kwa mdomo wako. Utakwenda kumwambia mwenye boma. Na wewe ndiye utakayeanza kusema, usingoje kuulizwa."

Nilikaa siku tatu nikitafuta visingizio. Sikuogopa kufukuzwa kazi. Niliogopa lile boma. Nilipofika nikamkuta Mama Kulwa amekaa peke yake nyuma ya nyumba. Tangu siku ile alikuwa haruhusiwi kushika maziwa wala kuingia zizini, kwa kuwa mkono wake, walisema, umeua. Nikaomba watu wote wa boma wakusanyike.

"Baba, kosa si la mama. Mimi nilisema ni kama chumvi. Sikusema inaua. Mkono wa mama haukukosea, mdomo wangu ndio uliokosea."

Nilikuwa nasubiri bakora. Mzee Masanja akamgeukia mkewe.

"Mama Kulwa, wamekamua?"

"Bado."

"Nenda kakamue."

Alipita mbele yangu na kibuyu chake bila kunitazama, mabega yakimtikisika. Nami nililia, sioni haya kusema. Kisha mzee akaniambia, "Shimo halina kosa. Siku zikitimia, uje tulifungue." Tulilifungua. Utingo alikula mpaka tukamwondoa kwa fimbo, na msimu ule alilima na mwenzake wa kuazima kwa jirani.

Baadaye nilihamishiwa Madibira, halafu Iringa, nikapanda vyeo nikawa na kiti changu mwenyewe. Kila kijana mpya nilimpa bua la mpunga. Akimaliza kutafuna nilimuuliza maji yaliyobaki atayapeleka wapi. Wengi walijibu vibaya, na hao sikuwaruhusu kutoka ofisini. Yanamwagwa kwenye mahindi, mbali na mifugo, na ndoo inasuuzwa mbele ya macho yako.

Sasa nimestaafu, niko Mafinga na ng'ombe wawili wanaonizidi afya. Nimeridhika. Mzee Masanja alishatangulia, lakini boma bado linafukia mabua kila baada ya mavuno. Juzi simu iliita, sauti ya kizee, haikuanza hata kwa salamu.

"Bwana Mifugo, tumefunika leo. Maji nimemwaga mwenyewe."


"Asante, mama," nikasema. "Na maziwa?"

"Nani mwingine atakamua?" akanijibu, akakata simu.