Chumvi ya Haluli na Harusi ya Kwenye Feri

Jamani, aibu niliyoipata kwenye feri ya Likoni ningeifunika mpaka kaburini, ila walioiona ni wengi na kila mmoja anaisimulia kwa namna yake (wako wanaosema nilimbusu askari, wallahi sikumbusu), basi afadhali muisikie kwangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho mwisho ya Mwingereza, kila baraza habari ni za uhuru, nami ni kijana wa Likoni, kazi yangu kupima mbata kwenye ghala la nazi, ukinitazama mzima kabisa, na kumbe ndani nina mambo yangu mawili. La kwanza, kwa miezi kadhaa nikienda haja kubwa naona damu. La pili ni la zamani: utotoni niliugua figo, nikavimba uso na miguu hata mama akaanza kunililia kama maiti, nikapona, lakini daktari wa wakati ule alimwambia, "Figo za mtoto huyu zimebaki na kovu. Asinywe dawa yoyote kabla hajasema."

Basi hiyo damu ndiyo iliyonipeleka hospitali ng'ambo ya kisiwani. Nimeketi kwenye benchi nangoja, mara nasikia, "Ah, mwanangu, na weye uko hapa?" Nageuka, ni Mzee Hamadi, babake Zuhura. Zuhura ndiye mchumba wangu, posa imeshapokelewa, imebaki harusi. Mzee alikuja kutiwa dawa ya macho. Nikamwamkia, "Shikamoo baba," akaitika marahaba, akanisogelea tukabanana bega kwa bega.

Ndipo akatoka dresa, yule mgawa dawa, mtu wa sauti kubwa kama mwadhini, akasimama mbele yangu akaanza kunieleza mbele ya benchi zima.

"Daktari atakuingiza bomba lenye taa kwa nyuma autazame utumbo. Mara chache bomba hukwaruza damu ikatoka, na mara chache zaidi hutoboa, hilo ni la daktari kulichunga. La kwako ni kuja kesho na utumbo mtupu. Utakunywa chumvi hii ya haluli, nusu jioni nusu alfajiri, na maji mengi juu yake. Lakini kama una maradhi ya figo sema sasa hivi, maana chumvi hii huinywi, tutakulaza hapa tukusafishe kwa njia nyingine. Una figo?"

Sasa nyinyi vijana mtacheka, lakini kwetu wakati ule figo na kiuno vilikuwa kitu kimoja, mwanamume akiambiwa ana figo watu hutazamana, na mwenye binti hufikiri mara mbili. Na sikio la Mzee Hamadi lilikuwa hapa, karibu na shavu langu, nalihisi likikua.

Nikasema, "Mimi? Figo zangu za ng'ombe dume!"

Benchi likacheka. Mzee akanipiga paja kwa furaha, "Huyo ndiye mkwe wangu huyo!" akawaambia hata wasiomuuliza, na dresa akanikabidhi chumvi yangu.

Nyumbani mama akauliza, "Umewaambia habari ya figo?" Mdomo ulishazoea, nikajibu, "Nimewaambia, mama." Jioni nikanywa ile chumvi, chungu ajabu, alfajiri nikanywa iliyobaki, na yale maji mengi nikayaacha (nilijiambia, mtu anayekimbilia choo kila mara ataongezaje maji?), na choo chenyewe kiko nyuma ya mnazi wa jirani, nikawa kama mkeka wa kusukwa, huku na huku. Kulipopambazuka nilikuwa mwepesi kama kumvi la mpunga.

Mzee Hamadi akanipitia, ati mkwe wake hawezi kwenda peke yake. Nikavaa kanzu yangu nyeupe, tukashuka kivukoni.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka, na nikiyakumbuka nayaona kama yaliyompata mtu mwingine nyuma ya pazia. Miguu nilikuwa nayo lakini haikugusa chini. Watu wakisema, sauti zao zinanifikia baadaye, laini, kama zimepitia ndani ya kombe la bahari. Feri ikang'oa nanga, maji yakawa shuka la hariri mtu analikung'uta polepole, nyuso zote zikaanza kunukia asumini, na mimi sina hofu wala maumivu, nina furaha tu, furaha ya ajabu, kwa sababu nimeshaelewa: watu wote hawa wamekuja harusini kwangu. Wale wanawake wa mabuibui ni upande wa Zuhura. Yule mwenye kikapu cha kuku analeta kitoweo. Na pale kwenye kamba amesimama kadhi, mwenye haiba, kavaa kofia.

Kadhi alikuwa askari wa polisi kutoka bara, na kaptula yake.

Nikamwendea, nikaketi mbele yake sakafuni kama inavyotakiwa, nikamshika mkono wa kulia nikaukaza, na kwa sauti ambayo sijapata kuitoa tena maishani nikasema, "Nimekubali kumuoa kwa mahari tuliyopatana!"

"Unaoa nani?" askari akauliza. "Mimi?"

"Nimekubali!"

Feri ikapasuka kwa kicheko. Mama mmoja akapiga kigelegele (na kigelegele kile, nisamehewe, kikanizidishia yakini), wengine wakaitikia, askari anavuta mkono wake, mimi siuachi, namwambia, "Niombee dua, kadhi, niombee dua," na katikati ya dua hiyo ile haluli iliyobaki tumboni ikaamua kutoka bila kuniuliza. Kwenye kanzu nyeupe. Mbele ya upande wa Zuhura wote.

Kicheko kikakatika, watu wakarudi nyuma, pakabaki mduara na mimi katikati yake. Kitu cha mwisho ninachokikumbuka ni Mzee Hamadi akivua joho lake, lile la Idi, akinifunika kuanzia kiunoni, akipaza sauti: "Geukeni! Huyu ni mwanangu, msitirini!"

Nilipozinduka niko kitandani, sindano ya maji mkononi, daktari kasimama, Mzee Hamadi yuko ubavuni na mama kajifunika uso. Daktari akasema polepole, nadhani alikuwa anawaambia wao zaidi kuliko mimi: "Chumvi ile kwa mwenye figo nzima hutoka na mkojo. Kwa mwenye figo dhaifu hubaki damuni, ikamlegeza, ikamlevya. Na maji ya mwili nayo yamekwisha. Figo zimesimama. Tungoje mkojo. Usipokuja, sina la kumfanyia."

Basi tukangoja mkojo. Sijui ni siku ngapi, nilikuwa nikizama na kuibuka, naona dari ikiteremka kama wingu, namsikia mama akisoma Yasini, namsikia Mzee Hamadi akivuta tasbihi. Na nilipoibuka vizuri kidogo nikaona lazima niseme, maana labda sitaibuka tena.

"Baba, niliulizwa figo nikakana. Niliona haya mbele yako."

Mzee akaiweka tasbihi chini. Kisha akasema, "Na ungekufa, mimi ningemwambia nini mamako? Kwamba uliniogopa mimi?" Akainuka akaenda dirishani, nikamwona akipangusa machozi, na machozi yale hayakuwa ya dawa.

Asubuhi iliyofuata mkojo ulikuja. Kidogo, mweusi kama chai ya mkandaa isiyo na maziwa, lakini ulikuja, na mama akapiga kigelegele wodi nzima ikageuka, kwa sababu wanawake wengine hupigia vigelegele mtoto na mamangu alipigia chupa ya mkojo.

Walipokuja kunichunguza tena, baada ya muda mrefu, walinilaza wodini wakanisafisha kwa maji ya uvuguvugu, kidogo kidogo, na bomba likaingia likatoka salama. Ile damu ilikuwa ya bawasiri tu! Bawasiri, jamani.

Zuhura naye alimtuma shangazi yake na swali moja: "Muulize, ananificha na nini kingine?" Nikamjibu kwa kirefu, mpaka mambo ya utotoni ambayo hakuna aliyeyauliza, na baada ya hapo kukawa na kimya cha wiki nzima kilichonikondesha kuliko haluli. Ndipo shangazi akarudi, akasema, "Kasema mfunge harusi, lakini si karibu na maji."

Tukaoana. Na nilichojifunza ni hiki: nilikimbia haya ya mtu mmoja kwenye benchi, nikaenda kuilipa mbele ya kadamnasi. Haya ina mahali pake, lakini kwa daktari iache mlangoni pamoja na viatu. Mimi tangu siku ile, yeyote mwenye koti jeupe, kabla sijamaliza salamu nimeshamwambia figo zangu zina kovu. Juzi juzi nilikwenda kung'oa jino, nikaanza, nikaeleza yote, tangu kuvimba miguu mpaka rangi ya mkojo, yule bwana kashika koleo lake ananisikiliza kwa adabu, nilipomaliza akasema, "Mzee, ahsante. Sasa naomba ufungue mdomo."